Jinsi Maji Yanavyolegeza Kompositi za Katani: Mwongozo Kamili wa Kukausha, Kupima na Kukinga

Kamba ya katani ya kuanikia nguo ndiyo mwalimu wa kwanza wa somo hili. Ifunge kati ya miti miwili wakati wa kiangazi, kisha ungoje mvua. Ikishalowa utaikuta imekaza kupita ulivyoifunga, imenenepa, na fundo lake halifunguki kwa vidole. Jua likirudi, inalegea tena. Mvua ya siku moja haikuikata kamba hiyo wala haikuiozesha. Maji yaliingia ndani ya kila uzi na kuutanua kwa upana zaidi kuliko kwa urefu, na kwa kuwa nyuzi hizo zimesokotwa, unene wake ulipoongezeka kamba nzima ikafupika.

Sasa chukua uzi uleule uufungie ndani ya resini ya poliesta, yaani plastiki ya majimaji, iliyokwisha kuganda. Uzi unataka kunenepa na resini haitaki kuupisha. Mvutano huo, unaofanyika mahali pembamba ambapo uzi na resini hukutana, ndio chanzo cha sehemu kubwa ya udhaifu ambao mafundi huulaumu uzi wenyewe. Nyuzi zilizofungwa hivyo ndani ya resini ndizo huitwa kompositi, na mwongozo huu unahusu kompositi ya katani na poliesta kwa sababu ndiyo ninayoishika kila siku mkoani Tanga, ambako mkonge umelimwa tangu Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893. Hata hivyo, hatua zilizomo humu zinafaa pia kwa nyuzi za migomba, kenafu na juti.

Nilianza kulitafiti jambo hili kwa sababu ya vifuniko vya matangi ya maji. Tulivitengeneza katikati ya masika, kwa nyuzi zilizokuwa zimekaa ndani ya gunia kwenye kona ya karakana, na vilipotoka kwenye kalibu vilikuwa vizuri machoni na vizito mkononi. Baada ya misimu miwili ya mvua kingo zake zilikuwa nyeupe, zikichambuka tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu, ilhali katikati bado palikuwa pagumu. Nilipovuta uzi mmoja ukingoni ulitoka mzima, safi, bila hata chembe ya resini juu yake. Uzi haukuwa umeoza. Ulikuwa umeachiwa.

Kinachotokea ndani

Takriban theluthi mbili ya katani ni selulosi, na sehemu iliyobaki ni hemiselulosi, lignini na vitu vidogovidogo kama nta. Selulosi na hemiselulosi zimejaa vikundi vya haidroksili, ambavyo huyashika maji kwa nguvu hata yakiwa mvuke tu hewani. Ndiyo maana katani iliyoachwa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hubeba maji yanayokaribia asilimia 11 ya uzito wake, ingawa ukiishika unaapa kwamba ni kavu. Hemiselulosi ndiyo yenye kiu kuliko zote, na lignini ina kiu ndogo. Wazee wa pwani waliijua tofauti hii kwa vitendo. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope la bahari kwa miezi mingi, laini yake inaoza, na nyuzi zinazobaki, zenye lignini nyingi, husokotwa kamba zinazovumilia maji ya chumvi. Nyuzi hizo hazina nguvu ya mvuto inayoifikia katani, lakini zinadumu majini.

Maji huingia kwenye kompositi kwa njia tatu. Hupenya polepole katikati ya molekuli za resini. Hupita kwenye viputo na nyufa. Na kwa kasi kubwa kuliko njia hizo mbili, hunywewa na ncha za nyuzi zilizokatwa ukingoni, kwa maana uzi wa katani una vijitundu vinavyokwenda na urefu wake, mithili ya fungu la mirija.

Yakishafika ndani hufanya kazi mbili, na ni lazima uzitofautishe. Kazi ya kwanza ni kulainisha: uzi na resini vinapoteza ukakamavu, kipande kinapinda zaidi kwa mzigo uleule, na wakati mwingine kinahimili pigo la ghafla vizuri kuliko kilipokuwa kikavu. Hali hii hurudi kama ilivyokuwa maji yakitoka. Kazi ya pili ni kuvunja mshiko. Mkulima anayelowesha jembe lililolegea mpini anajua kwamba mti utatanuka na kushika kwa siku ile, na anajua pia kwamba mpini ukikauka utacheza kuliko mwanzo, kwa sababu mti uliobanwa ukitanuka hujibonyeza wenyewe, na ukisinyaa huacha nafasi. Uzi ndani ya resini hufanya vivyo hivyo. Hunenepa, hupasua resini inayouzunguka, husinyaa, na kuacha pengo ambalo maji ya mvua ijayo yatapita bila kizuizi. Mshiko uliovunjika haurudi kwa kuanika.

Uzi wenyewe si mnyonge wa maji kama wengi wanavyodhani. Pamba, ambayo karibu yote ni selulosi, ina nguvu zaidi ikiwa imelowa kuliko ikiwa kavu. Hivyo kila hatua inayofuata inalenga mpaka kati ya uzi na resini. (Nyuzi zilizotiwa kwenye saruji ni habari nyingine, kwa sababu huko maji hubeba ukali wa saruji hadi kwenye uzi na kuula. Usihamishe matokeo ya humu kwenda kwenye vigae vya saruji.)

Hatua ya kwanza: kuchagua, kuosha na kutibu nyuzi

Chagua nyuzi zilizooshwa vizuri baada ya kutoka kwenye korona, mashine inayochambua majani ya mkonge. Nyuzi zenye rangi ya kijani au mabaka ya kahawia bado zina mabaki ya nyama ya jani, na resini hushika mabaki hayo badala ya kushika uzi. Katika madaraja ya katani sokoni, 3L linatosha kabisa. Hata UG, ambalo ni daraja la chini, inafaa ikichambuliwa, kwa kuwa utaikata nyuzi fupi.

Loweka nyuzi kwenye maji ya kostiki soda ya asilimia 5, yaani gramu 50 za soda kwa gramu 950 za maji, kwa saa 2 katika joto la kawaida la chumba. Vaa glavu na miwani, tumia ndoo ya plastiki, na daima tia soda ndani ya maji kidogokidogo, wala usimwage maji juu ya soda, kwa sababu mchanganyiko huchemka na kuruka. Soda huondoa nta na sehemu ya hemiselulosi, na huuacha uso wa uzi ukiwa na mikwaruzo ambayo resini hupata pa kushikia. Suuza mara nyingi, tia siki kidogo kwenye maji ya mwisho, na upime kwa karatasi ya pH mpaka isome 7. Usiongeze ukali wa soda wala muda kwa kudhani kwamba kingi ni bora, maana soda ikizidi huila selulosi yenyewe na unabaki na uzi unaokatika.

Nyuzi zilizotibiwa vizuri utazitambua kwa mkono. Zinakuwa nyepesi zaidi kwa rangi, zimeachana, na ukizipitisha kati ya vidole zinakwaruza kidogo, hazitelezi tena.

Hatua ya pili: kupima unyevu wa nyuzi

Pima gramu 50 za nyuzi, uziweke kwenye oveni yenye joto la sentigredi 105, na uzipime tena kila baada ya saa moja mpaka vipimo viwili vinavyofuatana visitofautiane. Tuseme uzito umeshuka hadi gramu 44.6. Maji yaliyotoka ni gramu 5.4, ambayo ni asilimia 10.8 ya uzito wa nyuzi mbichi, au asilimia 12.1 ya uzito wa nyuzi kavu. Andika ni kigezo kipi umetumia. Nimeona watu wawili wakibishana juu ya gunia moja la nyuzi, mmoja akisema 10.8 na mwingine 12.1, wote wakiwa sahihi.

Kwa unyevu huo, kila gramu 500 za nyuzi unazozishika hubeba gramu 54 za maji, ambayo ni zaidi ya vijiko vitatu vya chakula. Hakuna fundi atakayekubali mtu amwagie vijiko vitatu vya maji kwenye resini yake, lakini ndicho anachokifanya anapotumia nyuzi za guniani.

Hatua ya tatu: kukausha na kutumia zikiwa bado na joto

Nyuzi za kazi zikaushwe kwa sentigredi 80 kwa saa 24, zikiwa zimetandazwa tabaka jembamba. Asiye na oveni anaweza kutumia sanduku la bati lenye balbu na tundu la kutolea mvuke, mradi liwe na kipimajoto na balbu zisigusane na nyuzi. Kuanika juani peke yake hakutoshi, hasa pwani, kwa kuwa uzi hauwezi kukauka kupita kiwango ambacho hewa inayouzunguka inakiruhusu.

Jambo linalosahauliwa ni kwamba nyuzi zilizotoka kwenye oveni hunywa unyevu mara moja. Fanya jaribio hili siku moja, nawe hutalisahau: toa fungu la nyuzi kavu, uliweke juu ya mizani yenye kusoma hadi miligramu, funga madirisha, kisha utazame. Tarakimu za mwisho hupanda mbele ya macho yako, bila mtu kugusa chochote. Kwa hiyo, zikitoka kwenye oveni ziingie moja kwa moja kwenye mfuko mzito wa plastiki uliofungwa, na zitoke mfukoni pale tu resini ilipo tayari. Kalibu, roli, brashi na hadina (dawa ya kugandisha resini) viwe vimekwisha kuandaliwa kabla ya kufungua mfuko.

Chagua pia saa ya kazi. Alfajiri na usiku hewa huwa na unyevu mwingi, na kwa kawaida unyevu hupungua kuanzia saa 7 mchana hadi saa 10 jioni. Siku ya mvua nzito tunafanya kazi nyingine.

Hatua ya nne: kutengeneza bamba la majaribio

Tumia kalibu ya milimita 300 kwa 300 yenye kina cha milimita 4. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 360. Ukichukua uwiano wa asilimia 20 ya nyuzi kwa uzito, msongamano wa katani ukiwa 1.45 na wa poliesta iliyoganda 1.2, bamba litakuwa na uzito wa gramu 447 hivi, yaani gramu 89 za nyuzi na gramu 358 za resini. Andaa gramu 400 za resini kwa sababu nyingine itabaki kwenye brashi na kopo, na utie gramu 6 za hadina, ambayo ni asilimia 1.5. Kwa kazi ya mkono na roli usijaribu kupita asilimia 30 ya nyuzi. Zikizidi, resini haizifikii zote, na uzi usiofikiwa ni mfereji wa maji.

Nunua resini ambayo tayari imetiwa kobalti, dawa inayoharakisha kuganda. Kama ni lazima uitie mwenyewe, changanya kobalti na resini kwanza mpaka ienee kabisa, ndipo utie hadina. Kobalti na hadina zikikutana zenyewe kwa zenyewe huweza kulipuka. Fanya kazi hii mahali penye upepo, kwa kuwa mvuke wa stairini unaotoka kwenye resini si wa kuvutwa.

Mimina tabaka la resini, laza nyuzi, bonyeza kwa roli kutoka katikati kwenda pembeni mpaka viputo viishe, kisha rudia. Uzi uliolowana na resini huwa kama wa kioo, unaona hadi upande wa pili. Uzi unaobaki mweupe haujashikwa, na ukiona ukungu mweupe ukienea kuzunguka nyuzi wakati wa kuganda, hiyo ni dalili ya unyevu uliobaki, kwani maji huzuia poliesta isigande sawasawa. Bamba la namna hiyo litupwe. Bamba zuri liache saa 24, kisha lipashe joto la sentigredi 80 kwa saa 3 ili kuganda kukamilike.

Hatua ya tano: kukata vipande na kuvigawa

Punguza milimita 10 kila upande wa bamba, kisha kata vipande vya milimita 80 kwa 25. Ukikata kwa uangalifu, bamba moja hutoa vipande 30. Vigawe makundi mawili ya vipande 15. Kundi la kwanza liachwe na kingo wazi kama msumeno ulivyoziacha. Kundi la pili lipakwe resini mara mbili kwenye kingo zote nne, ukingoja tabaka la kwanza ligande kabla ya kupaka la pili. Katika kila kundi, vipande 5 vitabaki vikavu (A), 5 vitalowekwa na kuvunjwa vikiwa vimelowa (B), na 5 vitalowekwa, vikaushwe tena, ndipo vivunjwe (C). Andika alama kwa penseli, maana wino wa kalamu za kawaida hufutika majini.

Kundi C ndilo ambalo wengi huliacha ili kuokoa muda, na bila hilo huwezi kujua kama maji yamelainisha tu au yamevunja mshiko. Kama vipande ni vichache, afadhali upunguze kwingine.

Vikaushe vipande vyote kwa sentigredi 50 kwa angalau saa 24, vipoe ndani ya chombo kilichofungwa chenye jeli ya silika, kisha upime uzito na unene wa kila kimoja. Utaratibu huu unafanana na ule wa kiwango cha kimataifa cha ISO 62. Kwa wanaotaka kulinganisha matokeo yao na ya maabara nyingine, ISO 291 inaziruhusu nchi za kitropiki kufanya majaribio kwa sentigredi 27 na unyevu wa hewa wa asilimia 65, badala ya 23 na 50 zinazotumiwa kwingineko. Ni ruhusa yenye maana kubwa kwetu, kwa sababu kukipoza chumba hadi 23 mchana kutwa ni gharama.

Hatua ya sita: kuloweka na kufuatilia uzito

Zamisha vipande vya B na C kwenye maji safi, visigusane wala visielee. Mwanzoni uzito huongezeka kwa kufuata kipeuo cha pili cha muda, yaani ongezeko la saa 4 huwa mara mbili ya lile la saa 1, na la saa 9 huwa mara tatu. Kwa hiyo pima kwa saa ambazo vipeuo vyake vya pili ni namba kamili. Ukianza saa 2 asubuhi, pima saa 3 (saa 1 imepita), saa 6 mchana (saa 4), saa 11 jioni (saa 9), saa 3 asubuhi ya siku ya pili (saa 25), saa 3 asubuhi ya siku ya tatu (saa 49), saa 6 mchana wa siku ya tano (saa 100) na saa 6 mchana wa siku ya tisa (saa 196). Huhitaji kuamka usiku hata mara moja. Baada ya hapo pima kila wiki mpaka uzito utulie.

Kila mara futa maji ya juu kwa kitambaa kikavu, pima ndani ya dakika moja, na urudishe kipande majini. Gawanya ongezeko kwa uzito mkavu wa mwanzo, uzidishe kwa 100. Tuseme kipande kilikuwa gramu 9.90 na sasa ni gramu 10.59: ongezeko ni asilimia 7.0. Hesabu hiyo bado haijakamilika, kwa sababu maji huyeyusha na kuondoa vitu fulani kutoka kwenye uzi. Ukikausha kipande hicho kikarudi gramu 9.81 badala ya 9.90, ujue gramu 0.09 zimeondoka na maji, na kwamba maji halisi yaliyokuwemo yalikuwa gramu 0.78, sawa na asilimia 7.9.

Chora mchoro wa ongezeko dhidi ya kipeuo cha pili cha muda. Mstari unaonyooka, kisha ukalala, unaonyesha kompositi iliyo nzima. Mstari uliokwisha kulala ukaanza tena kupanda ni habari mbaya, kwa kuwa nyufa mpya zimefunguka na maji yamepata vyumba zaidi. Ukishuka, vitu vinayeyuka kutoka ndani.

Mchoro huu unakupa pia makadirio ya unene. Maji yakiingia kwa kupitia nyuso tu, muda wa kujaa hufuata unene uliozidishwa kwa unene, hivyo bamba la milimita 6 huchukua mara nne ya muda wa bamba la milimita 3, si mara mbili. Kanuni hiyo huvunjika kabisa kingo zikiwa wazi. Ukitaka kuona sababu, simamisha kipande kimoja chenye kingo wazi kwenye kisahani chenye maji yaliyotiwa wino wa buluu, yenye kina cha milimita 5, ukiache usiku kucha. Asubuhi utaona mistari myembamba ya buluu imepanda juu ya kiwango cha maji, kila mstari ukifuata uzi mmoja.

Kama bidhaa yako haitagusana na maji bali itakaa kwenye hewa ya pwani tu, kuloweka ni adhabu iliyozidi. Chukua ndoo yenye mfuniko unaobana, weka chini uji mzito wa chumvi ya mezani na maji, ambao punje za chumvi bado zinaonekana, na uning'inize vipande juu yake bila kugusa. Hewa ndani ya ndoo hiyo hubaki kwenye unyevu wa karibu asilimia 75 kwa joto la sentigredi 25, bila umeme wala mashine. Safari hii uvumilivu unahitajika zaidi, kwani uzito huchukua wiki nyingi kutulia.

Hatua ya saba: kuvunja

Mwenye mashine ya kupima afuate ISO 14125 kwa kupinda na ISO 527-4 kwa mvuto. Asiye nayo anaweza kupata ulinganisho wa kutegemewa kwa vyuma viwili vya mviringo vilivyoachana milimita 64, yaani mara 16 ya unene, chuma cha tatu juu katikati, na ndoo inayoning'inia kwenye chuma hicho. Tia mchanga mkavu kopo moja kila sekunde 10, kwa kasi ileile kwa vipande vyote, mpaka kipande kivunjike, kisha pima ndoo pamoja na mchanga wake. Weka gunia chini, na miguu iwe mbali. Vipande vya B vivunjwe ndani ya dakika chache tangu vitoke majini.

Nguvu ya kupinda hupatikana kwa kuzidisha 3 kwa mzigo katika nyutoni kwa umbali kati ya vyuma viwili vya chini, kisha kugawanya kwa 2 mara upana mara unene uliozidishwa kwa unene. Tuseme kipande kikavu kilivunjika kwa kilo 29.7, sawa na nyutoni 291. Jibu ni megapaskali 70. Tuseme kilicholowa kilivunjika kwa kilo 20.5, sawa na nyutoni 201. Ukitumia unene wa zamani wa milimita 4 utapata 48, lakini kipande hicho kimenenepa, na ukipima utakuta labda milimita 4.2, ambayo inakupa 44. Pima unene upya kila mara, na uandike umetumia upi.

Hatua ya nane: kusoma matokeo

Weka wastani wa A, B na C pembeni kwa pembeni. B ikiwa chini na C ikarudi karibu na A, maji yamelainisha tu. Utengenezaji wako ni mzuri, na kazi iliyobaki ni kuyazuia yasiingie. B na C zote zikiwa chini, mshiko umevunjika, na hakuna rangi itakayokuokoa. Rudi hatua ya kwanza hadi ya tatu. Inawezekana pia C ikawa chini hata ya B, na hapo umemwona mkulima na mpini wake uliokauka.

Sasa linganisha kundi la kingo wazi na la kingo zilizofungwa. Tofauti ikiwa kubwa, mlango wa maji ni ukingo. Ikiwa ndogo, maji yanapita usoni, na pengine viputo ni vingi.

Kisha shika lenzi utazame palipovunjika. Nyuzi ndefu zilizochomoka zikiwa safi, kama nywele za brashi, zinaonyesha kwamba zimeachiwa na resini. Nyuzi fupi zilizokatika karibu na uso, zikiwa na vigae vya resini vilivyong'ang'ania, zinaonyesha kwamba mshiko ulidumu hadi mwisho. Kwangu mimi dakika tano za lenzi zina thamani kuliko tarakimu ya nguvu peke yake, kwa sababu tarakimu inakwambia kiasi kilichopotea na lenzi inakwambia kimepotelea wapi.

Hatua ya tisa: kuyatumia matokeo kwenye bidhaa

Kila ukingo unaokatwa upakwe resini mara mbili, siku ileile, kabla haujalala usiku kwenye hewa. Matundu ya skrubu yahesabiwe kuwa kingo: toboa kwa kipenyo kikubwa kidogo, paka ndani, na ungoje igande kabla ya kukaza skrubu. Skrubu inayokazwa moja kwa moja kwenye kompositi hukata njia mpya ya maji pale penye mzigo mkubwa. Uso wa nje upate jelikoti, yaani tabaka la juu la resini isiyo na nyuzi. Rangi ya mafuta peke yake ni pambo. Fedha ikiruhusu, tabaka moja jembamba la faibaglasi kila upande, na katani ikabaki katikati, ni kinga ninayoiamini kuliko nyingine zote. Mpe kila uso mteremko ili maji yasituame.

Vitu vya kuzama majini muda wote, kama sehemu ya chini ya mashua, siwashauri watu wavitengeneze kwa katani na poliesta. Vifuniko, milango ya makabati ya nje, mabango, viti na dari za vibaraza vinawezekana kabisa.

Mwisho, kwa kila toleo la bidhaa kata kipande kimoja cha ziada kutoka bamba lilelile, kikinge kwa namna ileile, andika uzito wake mkavu na tarehe, na ukining'inize karibu na bidhaa yenyewe, kwenye mvua ileile na jua lilelile. Kipime kabla ya masika na baada yake. Siku ongezeko lake litakapofikia lile ambalo kwenye ndoo yako lilianza kuishusha nguvu ya kundi C, ondoa bidhaa hiyo mahali pake, uikaushe na kuziba kingo upya, kabla mvua zinazofuata hazijaanza.